Makabidhiano ya Chumba cha Nyuma

Kabula, funguo ni mbili, na wa tatu haushikiki.
Huu wa shaba ni wa mlango.
Huu mfupi ni wa kabati la betri,
maana umeme wa Kirumba hauagi ukiondoka.
Wa tatu ni herufi kumi na nne.
Nitakunong'oneza tukiwa nje,
hata feni ya humu ina masikio.

Mfumo wetu una mwili wa vipande viwili.
Mbele, kule dirishani kwa makarani,
ziko fomu tu, na vitufe,
na ile rangi ya kijani niliyoichagua
siku niliyoamka na furaha.
Nyuma ni humu. Ndani ya kompyuta hii isiyo na skrini
yamelala majedwali: kila gunia la dagaa
lililoshuka Mwaloni kutoka Ukara, Kome, Goziba,
kila kilo, kila deni, kila jina la mama wa watu.

Zamani vilikuwa kitu kimoja.
Karani mmoja akikohoa, sote tunaugua mafua.
Nikavitenganisha usiku mzima
kama watenganishavyo dagaa na mchanga,
kwa kupepeta na kupepeta,
na unajua, mchanga hauishi.

Nikajisifu. Menyu nikazificha.
Kile kitufe cha kuingilia kwa ujanja nikakiua.
Kila karani nikampa nakala yake, jina lake, mipaka yake.
Mlango wa mbele ukawa mgumu kama wa benki.

Masunga hakuugusa mlango huo.
Alizunguka.
Alifuata njia ileile ambayo fomu huifuata kimya kimya,
akalikuta faili la nyuma, akabofya mara mbili,
nalo likafunguka bila kuuliza wewe nani.
Kilo mia nne na kumi za Nyangeta wa Ukara
zikalala mia moja na arobaini.
Tarakimu zilezile.
Zimebadilishana viti tu.

Nyangeta alikuja na kipande cha boksi la sabuni.
Penseli. Mistari arobaini na mmoja,
mmoja kwa kila kilo kumi.
Akakiweka juu ya kibodi yangu, akasema:
"Mimi nakala yangu ninayo. Wewe ya kwako iko wapi?"

Sikuwa nayo, Kabula.

Sasa ipo. Faili la nyuma lina nywila.
Folda nimeipa jina lisiloonekana na mpita njia.
Liko jedwali la nyayo: nani, lini, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi.
Na kila saa kumi na mbili jioni
nakala inapanda na mimi basi la Igoma,
ndani ya soksi. Usicheke. Mfuko wa mbele uliwahi kuchanwa.

Lakini sikufichi, na bosi hapendi kulisikia hili:
anayeruhusiwa kuandika humu, anaweza pia kufuta.
Nilijaribu kuvitenga. Nikawanyima kufuta,
na lile faili dogo la kufuli,
lizaliwalo wa kwanza anapoingia,
likakataa kufa wa mwisho alipotoka.
Asubuhi kazi yote ikasimama, wauzaji wakanitukana
kwa Kikerewe, kwa Kijita, kwa Kisukuma.
Nikarudisha ruhusa.
Kwa hiyo kufuli ninalokukabidhi
linachelewesha tu. Mengine ni macho yako.

Ijumaa geuza kibodi uikung'ute,
magamba hujificha chini ya herufi N.
Masunga bado yupo dirisha la pili. Alilipa.
Msalimie. Nywila usimpe.

Kile kipande cha boksi nilikiomba nikitunze.
Nyangeta alinicheka, akakirudisha kwenye pindo la kitenge.
Huja Jumanne. Atataka asomewe namba zake.
Msomee kwa sauti, polepole,
atakuwa ameshika penseli.